Breki na Kilima cha Ng'ambo ya Ziwa

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi waendesha baiskeli mliojaa hadi barabarani, mimi ni dada wa marehemu, nimemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenichagua niwasomee maisha ya kaka yetu kwa sababu, kwa maneno yao wenyewe, mimi ndiye ninayeweza kusoma bila kulia, jambo ambalo sina uhakika nalo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, pale chini ya kilima, karibu na ziwa, akiwa mtoto wa pili wa baba yetu, aliyekuwa mwendesha msumeno, na mama yetu mshonaji, kisha nikaja mimi, na mama alizoea kusema kwamba siku kaka aliponiona nimepakatwa, alikwenda kukaa chini ya meza, akagoma kutoka mpaka nilazwe kitandani na yeye apakatwe. Nayataja haya mapema, maana sisi tuliomjua tunajua kwamba kaka yetu alikuwa na mengi mazuri, na alikuwa na wivu, na ukisimulia moja ukaficha jingine, utakuwa unamsimulia mtu mwingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1976, kisha akajifunza useremala kwa miaka miwili, na ni katika miaka hiyo ya shule alipolipata jina ambalo wengi wenu ndilo pekee mnalolijua, siku aliposhuka kilima kizima na baiskeli ya baba, akapita lango la kiwanda huku mlinzi akipiga kelele, akaishia ndani ya lundo la unga wa mbao, na alipoulizwa kwa nini hakufunga breki akajibu kwamba alizitafuta hakuziona, ndipo jina la Breki likamganda, ingawa kitu chenyewe ndicho alichokikosa.

Mwaka 1979 aliajiriwa kiwandani, na tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa na wifi yetu huyu mnayemwona hapa mbele, dada wa rafiki yake wa kufa na kuzikana, fundi baiskeli mwenye karakana pale langoni mwa kiwanda, na tangu siku ile marafiki wakageuka mashemeji, na kwa miaka mingi hukuweza kumtaja Breki bila kumtaja Fundi, walikuwa wakiazimana spana, wakiazimana mashati, na wifi alikuwa akilalamika kwamba hajui ameolewa na nani kati ya hao wawili. Mungu akawajalia watoto wawili, binti, mwaka 1988, ambaye leo ni muuguzi, na kijana, mwaka 1992, ambaye ni dereva wa lori.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1998, ofisi ya misitu ilimchukua kaka awe mlinzi wa msitu, na alikuwa katika kazi hiyo, mwaka 2001, alipowakuta vijana kutoka mjini na baiskeli zao zenye springi na matairi ya meno, wamekwama kwenye tope, wanauliza kama hakuna njia nyingine ya kushuka ziwani, akawaambia haipo, lakini wakirudi mwezi ujao itakuwepo. Kwa sururu, jembe na msumeno aliipasua njia yake ya kwanza, ile inayoanza kwenye misonobari, ikauzunguka mgongo wa kilima, ikashuka kwa kona hadi majini, na kabla ya kuchimba kona yoyote alisubiri mvua inyeshe, akasimama pale chini ya koti lake kuangalia maji yanataka kupita wapi, ndipo arudi na sururu. Watu walianza kuja kutoka mbali, wifi akawa anauza chai na mkate mlangoni, na akitaniwa na marafiki zake kwamba mumewe hashindi nyumbani, anajibu kwamba yeye ameolewa uke wenza na kilima, na mwenzake ndiye anayependwa zaidi. Hiyo ndiyo miaka ambayo kaka yetu alikuwa na furaha kuliko yote.

Mwaka 2009 Fundi akachimba njia yake, kwenye kilima cha ng'ambo ya ziwa.

Fundi yupo hapa, ameniruhusu niseme, na anasema hata leo kwamba hakukusudia ubaya, wageni walikuwa wengi, kilima kilikuwa kimekaa bure, naye alikuwa na mikono. Lakini kaka aliliona jambo lile kama mtu aliyeingiliwa chumbani. Alisema kikulacho ki nguoni mwako, akaacha kwenda kwa shemeji yake, akawa anaenda kutengenezea baiskeli mji wa pili, na wageni walipofika kwake aliwatazama matairi kabla ya kuwatazama nyuso, kwa kuwa udongo wa ng'ambo ni mwekundu na wa kwetu ni mweusi, na mwenye tairi jekundu alipewa chai ya baridi. Kilichomuuma roho zaidi ni siku binti yake, ambaye alifundishwa kuendesha na mjomba, aliporudi likizo akaulizwa mezani, mbele ya sisi sote, ipi njia nzuri, naye kwa ukweli wa watoto wa siku hizi akasema, "Baba, njia yako inafoka, ya mjomba inacheka," na kaka akaondoka mezani akaenda kuchimba hadi giza. Fundi naye hakusaidia, maana alitundika karakanani kibao cha "Mwenye wivu ajinyonge," na ingawa anaapa kwamba kilimlenga fundi mwingine, kaka hakuwahi kuamini.

Alichokuwa hasemi ni kwamba alikuwa akienda. Mchana, watu wakiwa wanakula, alizunguka ziwa na baiskeli, akapanda kilima cha Fundi, akashuka njia yote, amevaa koti la mvua na kofia yake juani ili asijulikane, na sote tulijua, kwa sababu hakuna mtu mwingine katika nchi hii anayevaa koti la mvua juani.

Siku ya Alhamisi, tarehe 13 Oktoba 2016, alirudi kutoka huko akakaa jikoni bila kuvua koti. Mashindano makubwa yalikuwa Jumamosi, na waandaaji walikuwa wameichagua njia ya Fundi, wakaiacha yake, jambo lililomfanya asiseme na mtu wiki nzima. Wifi anasimulia kwamba alimwekea chakula hakukigusa, alipomuuliza ana nini, akajibu kwamba gogo kubwa la daraja la korongoni limeoza kwa chini, juu linaonekana zima, na baiskeli tatu zikipita kwa pamoja litakatika. Wifi akamuuliza kama Fundi anajua. Akasema angejuaje, hajainama kuangalia. Wifi akasema, "Basi kamwambie." Kaka akasema, "Nikimwambia, atajua nilikuwa kule." Na wifi, ambaye hana maneno mengi, akamwambia, "Mume wangu, kama ni kuchungulia umeshachungulia. Aibu yako ni ndogo kuliko shingo ya mtoto wa mtu."

Akaenda. Nyumba ambayo hakuikanyaga kwa miaka saba, aligonga mlango wake na koti lake lile lile, na Fundi mwenyewe ndiye aliyenisimulia walichosema, nami nakisoma kama alivyonipa, kwamba kaka hakusalimia, alisema tu, "Gogo lako la korongoni limeoza."

"Umejuaje, shemeji, na wewe hujawahi kufika kwenye njia yangu?"

"Nimefika."

"Mara ngapi?"

"Fundi, leta msumeno, usinihoji."

"Na njia umeionaje?"

Anasema kaka aliugeukia ukuta, kisha akasema, "Ni nzuri."

"Kuliko yako?"

"Usinizidishie."

Walikata gogo jipya Ijumaa, wawili tu, wakalibeba begani hadi korongoni, na Jumamosi waendeshaji wote walivuka salama. Ningependa kuwaambia kwamba wivu uliisha hapo, lakini sisomi hadithi. Magazeti yalilisifu daraja, yakamtaja Fundi peke yake, na kaka alinuna mpaka mwaka mpya. Kilichobadilika ni kwamba tangu hapo alinuna akiwa kwa Fundi, amekaa kwenye benchi la karakana, anakunywa chai ya Fundi, anamkosoa kona zake moja moja, na Fundi anamjibu.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na mapafu, ambayo madaktari walisema yalibeba vumbi la mbao la miaka mingi, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi msituni kwa fimbo, hadi Aprili mwaka huu hali ilipobadilika akalazwa. Hata wodini alikuwa yuleyule, alimwonea kijicho mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Fundi alikuwa naye kila alasiri, na alasiri ya mwisho walikuwa wanabishana juu ya mtaro wa maji. Kaka yetu alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, akiwa na mke wake na binti yake kando.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia na kutulazia wageni, wenzake wa ofisi ya misitu, na wale wa kiwanda cha zamani waliokuja kwa miguu. Tunakushukuru pia wewe Fundi, ambaye asubuhi ya leo ulisimama hapa nje, ukaangalia baiskeli zilizolazwa majanini kutoka hapa mpaka ziwani, ukanishika mkono na kuniambia, machozi yakikudondoka, "Umeona, dada? Hata leo amenizidi watu."

Pumzika kwa amani, kaka yangu, huko ambako hakuna kilima cha jirani cha kukunyima usingizi.