Goti la Mwanaasha

Mbele ya stesheni ya Morogoro, ng'ambo ya barabara, palikuwa na gogo la mvule ambalo wajenzi wa reli walilisahau, au lilikuwa zito likawashinda. Wanaume wakalifanya baraza lao. Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike mjini, enzi ya Mjerumani, na hapo gogoni mambo yote ya dunia yalikatwa shauri, ingawa dunia yenyewe haikupata habari. Mzee Kombo aliweka dele lake la kahawa juu ya makaa. Ombasha alikuwapo, mwenye jina la cheo cha askari, ingawa gwanda lao hakuwahi kulivaa hata siku moja. Aliwakatia majani nyumbu wa bomani, basi. Mataruma alikuwapo, aliyejenga reli mpaka akaota sugu mabegani, na Hirizi, mwenye dawa ya kila ugonjwa isipokuwa kikohozi chake mwenyewe. Na asubuhi hiyo alikuwapo Abasi seremala, mtu wa Bagamoyo, kikombe mkononi na kahawa imepoa. Mkewe Mwanaasha alikuwa amelala nyumbani na mguu uliovimba. Mfunga vidonda wa bomani alikwisha sema: apelekwe kwa daktari Dar es Salaam uvimbe ungali chini ya goti. Ukipita goti, msijisumbue na safari.

Ombasha ndiye aliyeanza.

– Abasi, uvimbe umefika wapi leo?

– Bado uko chini.

Alisema uongo. Juzi ulikuwa umebakiza upana wa kiganja, jana vidole viwili. Leo hakufunua kanga. Aliogopa. Alimwachia jirani yake Shamsia bakuli la uji na kumwomba akae na mgonjwa, kisha akatoka kama mwizi.

– Kama uko chini, alisema Mataruma, basi nafasi ipo. Haraka haraka haina baraka.

– Tena subira yavuta heri, akaongeza Hirizi.

– Tatizo ni safari yenyewe, Abasi alisema. Nauli ya watu wawili, na huko tutalala wapi? Daktari hamkati mtu leo akamwambia nenda kesho. Huenda tukakaa mwezi.

– Sikiliza nikwambie, akasema Mataruma. Mle wanamokaa watu utanyonywa bure. Kuna behewa la ngozi za ng'ombe. Unamlaza mgonjwa juu ya ngozi, laini kuliko kitanda chako ulichochonga mwenyewe.

– Na ule uvundo?

– Uvundo utamzoea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!

– Mithali hiyo umeipandisha punda kinyumenyume, alisema Mzee Kombo, lakini hakuna aliyemjali.

Ombasha alijikohoza, akaketi wima kama yuko gwaride.

– Nyinyi mnahangaika na behewa, mimi nafikiria malazi. Mwanaasha ni Mluguru. Mluguru mtani wake nani? Mnyamwezi. Dar es Salaam imejaa Wanyamwezi, wapagazi wa zamani. Unabisha hodi, unaingia, unapindua chungu chao, unalala. Mtani hafukuzwi.

– Mtani wa mwaka gani huyo atakayemuuguza mtu mwezi mzima? aliuliza Abasi.

– Tena wao ndio watakaokulipa wewe. Hujasikia mgeni njoo, mwenyeji apone? Mgeni ni nani? Mwanaasha. Atakayepona ni nani?

– Mwenyeji, alijibu Mataruma.

– Umeona!

Walicheka. Abasi naye alicheka kidogo, kisha akaona haya kwa kucheka. Siku zote ilikuwa hivi. Alikuja gogoni na moyo mzito, wakampunguzia kidogo, akarudi nyumbani hana alichofanya.

Hirizi alingoja kicheko kiishe, akasogea karibu na kushusha sauti.

– Mimi ninayo njia isiyo na nauli wala malazi. Mtukane jumbe.

– Nimtukane?

– Mtukane sana, mbele za watu. Utafungwa pingu upelekwe pwani. Nauli ni ya serikali, chakula cha serikali, unalala ndani ya ukuta wa mawe ambao hata sultani hana. Mkeo aseme ndiye aliyekufundisha tusi, mfungwe wote. Mfungwa akiugua anaitiwa daktari yule yule. Dawa ya moto ni moto.

– Na viboko ishirini na tano? aliuliza Ombasha. Au umevisahau?

– Hivyo hupigwa wewe, si mgonjwa. Tatizo liko wapi?

Ng'ambo ya barabara gari la moshi lilipiga filimbi. Wote waligeuka, kama walivyogeuka kila mara. Walitazama wapagazi wakipakia magunia na mama mmoja akisukumwa ndani na kuku wake. Lilivuta, likaenda zake Ngerengere. Mataruma alilipungia mkono kwa mazoea.

– Lakini kweli, Abasi, alisema Mzee Kombo huku akimimina kahawa ya mwisho mwisho. Ungemtia mle leo, ungekosa nini?

– Neno la mjomba wake.

Hapo hata Hirizi aliitikia kwa kichwa. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Abasi alikuwa mtu wa pwani, amekuja kuoa juu ya milima ya watu. Alimpenda Mwanaasha kuliko mtu yeyote aliye hai, na kwa sababu hiyo hakutaka kumvunjia heshima ya kwao. Akafie njiani, mjomba hajasema? Alituma habari kwa akina mama wauza ndizi, zifike kwa Mzee Mwinjuma, huko juu kupita Mkuyuni: mpwa wako ni mgonjwa, mguu, wanasema Dar es Salaam. Akakaa kungoja. Akina mama walirudi sokoni na ndizi nyingine. Habari zimefika, walisema, mzee amezisikia. Neno halikuja.

– Amekudharau, alisema Ombasha.

– Labda anachagua siku njema, alisema Hirizi. Kawia ufike.

Wakati huo huo mzee mmoja alivuka barabara, kanzu yake imelowa umande mpaka magotini. Begani alibeba mianzi miwili mirefu na mkeka umeviringishwa juu yake. Abasi aliitambua ile mianzi kabla hajautambua uso. Ilikuwa machela ya kumbebea mgonjwa. Aliinuka haraka hata kikombe kikamponyoka.

– Shikamoo, mkwe.

– Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa.

– Hatujambo, mzee. Karibu kahawa.

Mzee Mwinjuma hakuketi. Aliishusha mianzi taratibu, akaiegemeza gogoni.

– Nimepita nyumbani kwanza. Nimefunua kanga.

Ombasha ndiye aliyeuliza.

– Uko chini ya goti, mzee?

– Uko pajani.

Mataruma aliinama akatazama miguu yake. Abasi akasema lililokuja.

– Nilikuwa nangoja neno lako, mkwe. Kwenu mjomba ndiye msemaji. Sikutaka kumwondoa mtoto wenu bila wewe.

Mzee alimtazama. Hakuwa na hasira, na Abasi angependa awe nayo.

– Mimi nilikuwa nangoja lako. Siku ya ndoa ulisimama uani kwangu, ukasema kwenu pwani mume ndiye msemaji. Nikakubali. Habari zako zilipokuja, wenzangu wakasema twende. Nikasema hapana, tusimwingilie nyumbani mwake, atatuita. Jana nimeshindwa kulala, nimekata mianzi.

– Nilifuata mila yenu.

– Na mimi nilifuata yenu.

Mzee Kombo aliinamisha dele juu ya kikombe apate kumkaribisha mgeni. Yalidondoka machicha matupu. Mzee Mwinjuma aligeuka akaitazama stesheni ilivyokuwa karibu, hatua chache tu, na moshi uliokuwa bado haujatawanyika juu ya paa.

– Hapa mnakaa kila siku?

– Kila siku, alisema Ombasha, na kidogo alijivuna.

– Basi niambieni. Tangu mguu wa mtoto uanze, gari hili limeondoka mara ngapi?

Hirizi alikohoa. Mataruma alianza kukunja vidole, akaviacha. Ombasha alimtazama Mzee Kombo, na Mzee Kombo alilitazama dele. Abasi alijaribu kukumbuka, lile la juzi, lile la jana, lile la leo, yakamchanganyikia, na machozi yakaanza kumtoka mbele ya wanaume wenzake.

Mzee Mwinjuma aliiacha mianzi pale pale, akamshika mkono.

– Inuka, mwanangu. Amekuulizia. Twende tukakae naye.