Marzouq bin Badar, Msemaji wa Kisiwa cha Sidayra

Jumatano ya tarehe 31 Disemba 2025, Bwana Marzouq bin Badar anamaliza utumishi wa miaka thelathini na mitano na miezi kumi na moja katika baladia, yaani manispaa. Wasifu wake rasmi, wa Kiarabu, umo ukurasa wa pili wa ratiba hii ya kumuaga. Una mistari minane na unasema amehudumu "katika sehemu mbalimbali". Sisi wenzake wa Kiswahili hapa Ibra tumeomba ukurasa wetu, maana hizo sehemu mbalimbali ni mbili tu: miaka thelathini na miwili na mwezi mmoja katika kisiwa cha Sidayra, na iliyobaki katika chumba cha nyuma cha ofisi hii, karibu na mashine ya fotokopi. Anayejua kujumlisha ataona maisha ya mtu huyu yamekwenda wapi.

Alizaliwa Wete, Pemba, mwaka 1965, akaletwa Oman na mama yake akiwa na miaka minane, hajui Kiarabu ila cha kwenye msahafu. Skuli ya Sur ilimweka darasa la kwanza na watoto waliomfika kifuani. Alivumilia, akawapita. Februari 1990 aliajiriwa na baladia, akapelekwa Sidayra kwa sababu waliomtangulia kwenye orodha walikataa wote.

Kwa asiyekijua, Sidayra ni kisiwa cha watu mia sita na arobaini, saa moja na nusu kwa feri kutoka pwani yetu ya Sharqiyah. Zamani kilijiendesha chenyewe: mambo ya visima, soko la samaki na makaburi yaliamuliwa kwenye sabla, ukumbi wa wanaume, chini ya sheikh wao. Ofisi ya baladia ilifunguliwa mwaka 1984, ikiwa chumba kimoja na mtumishi mmoja. Bwana Marzouq aliikuza hadi watumishi wanane, mtambo wa maji, machinjio na taa za njiani. Kila Jumamosi jioni alikwenda kwenye sabla kusikiliza, na Jumapili asubuhi alilifanyia kazi lililosemwa. Huo ndio utawala. Sijaona mwingine uliofanya kazi vizuri zaidi, na mimi nimepita ofisi sita.

Tusimfanye malaika. Yeye ndiye aliyeagiza gari la taka kutoka bara bila kupima njia za kisiwa. Gari lilishuka gatini kwa vigelegele, likakwama baina ya kuta mbili hatua chache mbele, na likakaa hapo mpaka mwenye ukuta mmoja alipokubali ubomolewe. Watoto waliligeuza uwanja wa kujificha. Kuanzia hapo wazee wakamwita Bu Sayyara, baba wa gari, na jina hilo alilijibu kwa bashasha. Mkewe, Bi Nunu, alipendwa kuliko yeye, kwa mkate wake wa kumimina. Kulikuwa na nyumba haifuturu Ramadhani mpaka mkate wa Bi Nunu ufike.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mistari minane haikulitaja.

Mwaka 2018 iliundwa Kamati ya kuziunganisha ofisi ndogo na za bara. Watu watano walifika Sidayra kwa feri ya saa nne asubuhi, na feri ya kurudi huondoka saa nane. Wakakaribishwa kwenye sabla. Sote tunaijua adabu ya sabla. Mgeni akishakaa huulizwa khabari, naye hujibu hakuna khabari, ni kheri tu. Kisha yeye huuliza, na wenyeji hujibu vivyo hivyo, hata kama juzi wamezika. Halafu huja halwa, huja kahawa, na mtu akishatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, ndipo la moyoni hutoka. Mwenyekiti wa Kamati aliuliza wenyeji wana khabari gani juu ya pendekezo la kuunganishwa. Wazee wakajibu kama walivyojibu baba zao: hakuna khabari, ni kheri tu. Halwa ikiwa bado jikoni, wageni wakaomba radhi kwamba feri haisubiri, wakaondoka. Ripoti ikaandikwa: wakazi hawana pingamizi.

Ingekuwa kamati ya wageni ningesamehe. Lakini hawa ni watoto wa nchi hii, waliokaa kwenye sabla za babu zao huko Nizwa na Sur tangu wakivaa kofia za kitoto. Walijua vyema kwamba jibu lile si jibu. Lililowafaa walilichukua.

Mwaka uliofuata Kamati ilikwenda Norway kujifunza, ikamchukua Bwana Marzouq ili ionekane kuna mtu wa kisiwani. Huko walipelekwa kisiwa kilichokuwa manispaa kamili tangu 1838 mpaka mwisho wa 1963. Kilikuwa na baraza la watu kumi na watatu lililokutana darasani jioni watoto wakishaondoka, na meya wake alikuwa mvuvi asiyelipwa. Mwaka 1964 kikaunganishwa na bara. Ripoti ya Kamati inasema kuunganishwa kulikiletea daraja. Ni kweli. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991. Miaka ishirini na saba, mabwana, na katika muda huo viti vya kisiwa kwenye baraza jipya vilishuka kutoka vitatu hadi kimoja. Hilo halimo kwenye ripoti. Halimo pia neno moja juu ya nani atatujengea sisi daraja la saa moja na nusu za bahari.

Bwana Marzouq alimtafuta bibi mmoja aliyekuwa karani kijana wa baraza lile, akamuuliza kupitia mkalimani kwa nini walikubali. Bibi akamwambia hawakukubali. Wajumbe wa serikali walikuja, wakaandaliwa keki na kahawa, na kila mtu alimngojea mwenzake aseme hapana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuharibu mkao. Bwana Marzouq amenisimulia hayo mara nyingi hata naona kama nilikuwapo.

Aliporudi aliandika, akadai, akapiga simu, mpaka Kamati ikakubali kuja tena, Novemba 2021. Akazunguka nyumba kwa nyumba kuwasihi wazee: safari hii mkiulizwa khabari, semeni. Sheikh Khalaf, mkubwa wa kisiwa, ambaye mama yake ni wa Lindi na Kiswahili chake kinatushinda wengi wetu, alimjibu kwamba mgeni hajaonja hata halwa, naye hawezi kumwaga matatizo miguuni pake. Akamwambia vilevile kwamba aibu ya aina hiyo mtu huzikwa nayo.

Basi siku ilifika. Mwenyekiti aliuliza khabari. Wazee wakajibu ni kheri tu. Mwenyekiti akaanza kutazama saa yake. Hapo Bwana Marzouq, aliyekaa karibu na mlango kama ipasavyo mtumishi, alisema kwa Kiarabu cha wazi: "Khabari ipo, na si njema. Kisiwa hiki hakitaki kuunganishwa. Kila mzee aliyekaa hapa ameniambia hivyo kwa kinywa chake."

Mwenye kumimina kahawa alisimama na birika mkononi. Mwenyekiti, akitarajia kukanushiwa, alimgeukia Sheikh Khalaf na kumuuliza kama ndivyo. Sheikh alimtazama Bwana Marzouq kule mlangoni. Kisha akasema: "Huyu kijana wetu hana adabu. Lakini si mwongo."

Kijana alikuwa na miaka hamsini na sita.

Pingamizi likaandikwa, na ofisi ikaunganishwa hivyo hivyo, Machi 2022. Katika watumishi wanane wakabaki wawili. Bwana Marzouq akaletwa Ibra, wakasema apumzike. Ibra ni mji wangu na naupenda, lakini kumpumzisha mtu wa kisiwa katikati ya nchi kavu ni adhabu, tuiite kwa jina lake. Na kisiwa nacho kilimwadhibu kwanza. Miezi minne ile ya mwisho hakualikwa harusi hata moja, na mlango wa Bi Nunu haukugongwa na mtu wa kutaka mkate. Aliyasema ya watu mbele ya wakubwa, akapoteza pande zote mbili.

Matokeo yake kila mtu anayaona. Leo mkazi wa Sidayra akitaka ruhusa ya kujenga choo huvuka bahari Jumapili, hulala kwa jamaa, na hurudi Jumatatu akiwa ameambiwa aje wiki ijayo. Julai 2023 mtambo wa maji uliharibika. Mimi ni mtu wa maji, nilianza kwa kusugua matangi kabla sijashika kalamu, na nilijua pampu gani imekufa bila kuiona. Niliomba kwenda, nikaambiwa nisubiri barua. Kisiwa kilikaa siku kumi na moja kikinywa maji ya chupa. Zama za Bwana Marzouq, kukatika kurefu kabisa kulikuwa siku mbili.

Mwezi uliopita, milango ya chumba cha nyuma ilifunguka, akaingia Sheikh Khalaf na wazee wawili. Walikuwa wamevuka bahari na kuendesha gari asubuhi nzima. Hawakuulizia afya ya mtu. Sheikh alisema wamekuja kumchukua Bu Sayyara wao arudi nyumbani, agombee kiti cha baraza la manispaa, maana mtumishi hawezi kuisema ofisi yake lakini mstaafu anaweza. Na kwamba nyumba imeshapakwa rangi, na wanawake wanauliza mkate utaanza lini.

Bwana Marzouq alitoka nje, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alikubali.

Mimi nikawafanyia wazee hesabu, kwani hiyo ndiyo khulka yangu. Wapiga kura wa kisiwa ni mia nne na kumi na wawili. Mshindi wa mwisho kati ya walioingia barazani safari iliyopita alipata kura elfu moja mia moja thelathini na sita. Nikawaambia kisiwa peke yake hakifiki hata nusu. Sheikh Khalaf akasema ndiyo maana wameanza na Ibra.

Kwa hiyo wasomaji wenye asili ya pwani ile, mliosajiliwa huko na mnaoishi huku, mmesikia.

Bwana Marzouq, ahsante kwa maji, kwa taa, na kwa neno ulilolisema wakati hakuna aliyetaka kulisikia. Utuwie radhi kwa mashine ya fotokopi. Feri ya Alkhamisi ni saa nne, usichelewe. Tunakutakia, wewe na Bi Nunu, afya, nyumba yenye kugongwa mlango, na kura elfu moja mia moja thelathini na saba.