Anastasia binti Dominiko, Aliyeurudisha Mteremko wa Kilengezi

Ndugu wana ukoo, majirani, nanyi mliopanda mlima kutoka mjini, familia inawasomea maisha ya mama yetu, Anastasia binti Dominiko, aliyezaliwa hapa Kilengezi, Uluguru, tarehe 14 Machi 1904 kwa mujibu wa kitabu cha ubatizo, ingawa dada yake mkubwa, Bibi Magdalena, anashikilia kuwa ilikuwa wiki moja kabla, na kwa kuwa yeye alikuwepo, yote mawili yatajwe.

Alisoma shule ya misheni tangu 1913 hadi vita vilipofika Morogoro mwaka 1916, kisha akalima maharage na kabichi na kuvishusha sokoni kwa kichwa, na tarehe 8 Agosti 1923 akafunga ndoa na Mzee Lukasi, aliyehamia kwao kwa desturi yetu, wakajaliwa watoto sita, ambao wanne wako hai, Stefano, Veronika, Felista na Rosa.

Mei 1952 baraza la wenyeji liliamua mteremko wote wa Kilengezi usilimwe tena, upandwe miti kuzuia mmomonyoko, nasi tukatafute mashamba kwingine, na kabla ya kuamua liliwaita waume, wakaweka dole gumba, Mzee Lukasi akitangulia, kwa sababu, anasema mwenyewe, alikuwa hajawahi kuitwa mwenye shamba maishani na ilimpendeza, ilhali ardhi hii ni ya ukoo wa mama na mume hulima kwa ruhusa. Mama alipoambiwa hakufoka, aliuliza tu, "Baba Stefano, tangu lini umezaliwa kwetu?", akateremka kwa jirani yetu, Bwana Mikidadi, karani mstaafu wa mahakama, aliyemweleza kuwa hata uamuzi wa baraza hupelekwa mbele ya Jaji, akamtafutia na wakili.

Shauri lilisikilizwa Morogoro Jumatatu, tarehe 9 Novemba 1953, Mahakama Kuu ilipofanya vikao vyake huko, upande wa baraza ukaonyesha zile alama za dole gumba, Mzee Lukasi akaulizwa kama shamba ni lake, akajibu, "Bwana Jaji, mimi pale ni mkwe, hata mgomba siukati bila kumwuliza huyu," akimwonyesha mama, na hata askari wa mlangoni akacheka. Jaji alisema si kazi yake kuchagua kati ya miti na maharage, kazi yake ni kutazama kama wanaonyang'anywa ardhi walisikilizwa, na hawakusikilizwa, hivyo akautengua uamuzi, baraza lianze upya.

Wanawake walipanda mlima kwa vigelegele hadi nyumbani, na baraza likapanda nyuma yao, kwa miguu, likaketi na wenye ardhi, wakakubaliana kilele kipandwe miti na sehemu iliyobaki ilimwe kwa matuta.

Mama aliugua kifua Oktoba 1958, akatibiwa hospitali ya Morogoro, akafariki nyumbani Jumatano, tarehe 3 Juni 1959, mumewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Bwana Mikidadi na majirani wote, na wakulima wenzake walioacha majembe tangu jana, na tunaomba mtakaobeba jeneza mpite kwenye matuta taratibu, maharage yamekwisha kuweka maua.

Pumzika kwa amani, Mama, hapa hapa ulipokataa kuondoka.