Sahani Tatu Zilizokataa Rangi

Nakusihi, msomaji: ukimaliza, kunja karatasi hii na usimwambie mtu, hata jirani yako wa meza. Wasifu uliomo kwenye programu ya sherehe niliuandika mimi pia, kwa amri. Huu ndio ule mwingine.

Mkuu wa maabara yetu anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Amezindua mashine nne na hajui kuwasha hata moja.

Kazi yetu ni kuchunguza jinsi seli changa inavyogeuka kuwa seli ya mafuta, na kwa nini wengine hunenepa kupita kiasi. Miaka tisa iliyopita fundi wetu, tunayemwita Shangazi, alikuta ndani ya seli hizo RNA, yaani nakala ya jeni, isiyotengeneza protini yoyote. Mkuu alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Shangazi, isiyotengeneza kitu ni takataka. Kamwage!"

Hakumwaga. Aliandika TAKATAKA kwenye boksi, kwa herufi kubwa, akaliweka mbele kabisa ya friza. Alimjua mtu wake: mpaka leo Mkuu hajaligusa.

Mwaka jana Shangazi aliizima RNA ile katika seli changa za sahani tatu za maabara, akazisubiri siku za kugeuka seli za mafuta, kisha akatia rangi inayoyafanya mafuta yawe mekundu. Sahani nyingine zote ziliiva wekundu. Tatu zake zilibaki nyeupe.

"Umesahau rangi, mama," Mkuu alimsuta mbele yetu sote.

"Rangi ipo, Mkuu. Mafuta ndiyo hayapo."

Mkuu akamtoa chumbani.

Mwezi uliopita watafiti wageni wakazisifu sahani hizo, na takataka ikageuka ghafla kuwa "RNA yangu". Hodari kweli bwana huyu: amevumbua alichoagiza kimwagwe! Ripoti inatumwa Ijumaa saa nane mchana ikiwa na jina moja, lake. Niliichapa mwenyewe.

Tunamshukuru kwa kutoligusa boksi. Apumzike salama, mbali na friza.

Daftari la Shangazi ninalo, lakini sauti yangu peke yangu haitoshi. Uliyekuwepo siku ya sahani nyeupe, andika tarehe na ulichokiona, utie sahihi. Weka karatasi yako ndani ya kasha la glavu kubwa, rafu ya pili, zile zisizomtosha mtu. Nitazipitia Ijumaa saa sita mchana, niziambatanishe na ripoti kabla haijatumwa. Ya kwangu tayari imo.