Mama Goti na Mguu wa Mbuzi Mezani

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi leo, familia imeniomba niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye mtaani mlimjua kama mke wa fundi cherehani, na kazini, kwa sababu mtakazozisikia, aliitwa Mama Goti.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha bucha ya baba yake, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, na kwa kuwa kaka zake walikuwa hodari wa kukwepa kazi, yeye ndiye aliyeshika kisu, hata alipofika miaka kumi aliweza kutenganisha mguu wa mbuzi kwenye maungio bila kukwaruza mfupa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari hadi 1975, kisha akaingia chuo cha ufundi kujifunza kukereza vyuma, msichana peke yake katika darasa la watu thelathini na mmoja. Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha pampu za maji, akakaa miaka kumi na miwili, na mwaka 1991 alihamia karakana ya chuo kikuu, ghorofa ya chini, mlango wa bluu, ambako alifanya kazi mpaka akastaafu.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na baba yetu, fundi cherehani, ambaye mama alimpenda, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu hakuwahi kumuuliza chakula kiko wapi, wakajaliwa mabinti wawili na kijana mmoja, na baadaye wajukuu saba, ambao wote aliwafundisha kutumia bisibisi kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Sasa nieleze hilo jina. Mwaka 2003 profesa mmoja wa chuo na vijana wake wahandisi walianza kutengeneza roboti ya miguu minne, ya kupandisha mizigo kwenye miteremko ya mawe ambako magurudumu hukwama, wakaamua kumuiga mbuzi, wakaazima mbuzi wa jirani, wakampiga picha akipanda, wakachora kila hatua yake. Miguu waliyoitengeneza ilifanana na ya mbuzi kabisa ukiitazama kwa mbali, lakini kila roboti ilipowekwa kwenye kilima cha mawe nyuma ya karakana ilitetemeka kama kiti kibovu, ikaanguka kifudifudi, na marehemu akakereza upya vipuri vile vile, mara kumi na moja.

Mwezi Aprili 2005 uongozi uliandika barua kwamba roboti isipopanda kilima kile kabla ya tarehe 30 Juni, mradi utafungwa, na karakana pamoja nao, maana yake mafundi wote sita wangemwaga unga, na huku nyumbani macho ya baba yetu yalikuwa yameanza kukataa tundu la sindano, na mtoto wa mwisho bado alikuwa sekondari. Marehemu alikuwa ameliona kosa siku nyingi, akanyamaza, kwa kudhani wasomi wana sababu zao, na hilo alilijutia, akisema kukereza mara kumi na moja ni adhabu ya kufunga mdomo.

Tarehe 9 Mei, baada ya kupiga moyo konde, alipita kwenye bucha, ambayo sasa ilikuwa ya kaka yake, akachukua mguu mzima wa nyuma wa mbuzi, akaingia nao kwenye mkutano wa wahandisi ambao hakualikwa, akaubwaga juu ya michoro. Kijana mmoja akauliza kama karakana imekuwa bucha, naye akamjibu kwamba afadhali ingekuwa bucha, maana mteja wa bucha huondoka na kitu. Kisha akamgeukia profesa.

"Hiki mnachokiita goti ni kisigino, profesa. Mbuzi hutembea kwa ncha za vidole, goti lake liko huku juu, limejificha karibu na tumbo, na ninyi mmelikaza kwa bolti."

Akaupasua mguu mbele yao, akawaonyesha kwamba nyama yote, yaani nguvu yote, iko juu, chini ni mifupa na kano tu, tena ukilikunja goti, kisigino nacho hujikunja chenyewe, hakingoji amri. Profesa alivua miwani, akaegemea meza, akasema, "Kunja tena, mama."

Aliukunja mguu ule mpaka saa ya chakula, na tangu siku hiyo karakana nzima ikamwita Mama Goti. Mota zikahamishiwa juu, chini zikawekwa nyaya na springi, goti likafunguliwa bolti, na tarehe 27 Juni, mbele ya wakubwa wa chuo, roboti ilipanda kilima, ikateleza kwenye jiwe la nne, ikajishika yenyewe, ikaendelea. Wenzake wanasema marehemu hakupiga makofi, alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua viatu.

Alistaafu mwaka 2018. Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na kila mara aliagiza mafuta ya kulainisha magurudumu ya kitanda, na asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024, nyumbani, baada ya kunywa chai na kulalamika kwamba haina sukari, alitutoka, akiwa na miaka sitini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliopika na kufagia bila kuombwa, na mafundi watano mlioketi safu ya mbele, ambao pamoja naye mliufunga mlango wa bluu kila mmoja kwa siku yake ya kustaafu, bila hata mmoja kufukuzwa.

Mama, kazi yako imesimama yenyewe. Pumzika kwa amani.