Usipojibu Nitajua Umekubali

Gari lilipotoka stendi ya Same kwenda Kihurio, mama aliyekaa mbele yangu alimgeukia kijana wa pembeni yake. "Vitus, nani alikuruhusu kuingiza trekta kwenye jaruba langu la mpunga?"

"Shikamoo, mama Asteria."

"Marahaba. Nani alikuruhusu?"

"Nilikutumia ujumbe. Niliandika nataka kukodi msimu huu, na usipojibu hadi Ijumaa nitajua umekubali. Hukujibu."

"Nilinyamaza."

"Basi, si ndiyo kukubali?"

"Kunyamaza ni kukubali kwenye posa. Na hata huko, shangazi huingia chumbani kumuuliza binti. Kuomba ni kwako, kujibu ni kwangu. Mbona umejipa yote mawili?"

Vitus akasema miche ya mpunga iko tayari kitaluni, sasa aipeleke wapi?

"Na hiyo Ijumaa uliichagua kwa nini?" mama akauliza taratibu. "Ulijua niko milimani, namzika dada yangu."

Vitus akatazama dirishani, ingawa nje kulikuwa na mkonge tu. Mimi niliyekuwa nikimwonea huruma kwa ajili ya miche, nikaacha.

Gari liliposimama Kihurio, Vitus alisema, "Tutaelewana tu, mama."

Mama Asteria akashika mlango, akatugeukia abiria. "Mmenisikia wote. Nimesema sikubali."

"Nimesikia, mama," Vitus akajibu.

"Umesikia nini? Sema."

Dereva alizima injini. Sote tukabaki tunamtazama Vitus, naye alijifanya anatafuta kitu kwenye simu.