Mwalimu Ratiba na Watoto wa Jumamosi

Ndugu waombolezaji, najua wengi wenu mmefunga. Wengine ni Ramadhani, wengine Kwaresima imeanza juzi tu, na jua hili halimhurumii mtu. Mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu, na nitajitahidi nisiwachoshe zaidi ya mlivyochoka. Tunamzika Jumatatu kwa kuwa familia ilikaa Alhamisi ikakosa siku nyingine. Ijumaa mkwe wetu na jamaa zake wana swala. Jumamosi wanafunzi wa marehemu wa Kisabato wasingeweza kushika sepetu. Jumapili padri alikataa. Shemeji, mume wa marehemu, akasema, "Basi Jumatatu. Hata mwenyewe angechagua hiyo, tena angeiandika kwa penseli." Tulicheka, ingawa hakuna aliyekuwa na nguvu za kucheka.

Dada yetu alizaliwa tarehe 19 Aprili 1957, Ijumaa Kuu, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alikuwa kanisani. Mkunga, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa kwenye saumu ya Ramadhani, na mama naye hakuwa ametia kitu mdomoni kwa ajili ya siku ile. Mama alipenda kusimulia jinsi mkunga alivyomwambia, "Shoga, sukuma mwenyewe, mimi sina hata nguvu za kukuhimiza." Mtoto alitoka kabla ya magharibi. Baada ya adhana, wanawake wale wawili walikunywa chai kutoka birika moja.

Alisoma shule ya msingi ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1979 akahitimu chuo cha ualimu katika hesabu na jiografia. Chuoni alikuwa akisinzia kila mahali isipokuwa darasani.

Januari 1980 aliajiriwa katika sekondari ya mchanganyiko, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi kustaafu Aprili 2017. Alipopewa kupanga ratiba, aligundua kwamba hakuna wiki isiyokuwa na sikukuu ya mtu. Akaanza kuzunguka. Pasaka aliiuliza kwa padri, Diwali kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Idi kwa shehe wa msikiti wa jirani.

"Shehe, mwezi utaandama lini?"

"Tukiuona nitakupigia, Mwalimu."

"Na mimi mtihani wangu niuweke wapi?"

"Uweke, lakini penseli usiikandamize sana."

Ndiyo maana ratiba zake zote zilikuwa za penseli, na ndiyo maana watoto wakamwita Mwalimu Ratiba.

Alifunga ndoa tarehe 9 Aprili 1983 na fundi wa majokofu, shemeji yetu huyu hapa. Walisubiri Kwaresima iishe, na shemeji anasema hajawahi kuona Kwaresima ndefu kama ile. Walijaliwa watoto watatu. Nyumbani, marehemu alilala kila sikukuu. Krismasi moja alisinzia na kijiko mkononi, na shemeji akawaambia watoto, "Msimwamshe mama yenu. Sikukuu za watu wote anazijua, hii ya kwake ndiyo anayolala."

Kuna jambo ambalo familia imeona lisemwe. Ratiba ya shule ilikuwa mikononi mwake, lakini ya mtihani wa taifa ilipangwa na wakubwa. Novemba 2005, Diwali, Idi na Jumamosi yenye mtihani vilirundikana katika wiki moja. Watoto watatu wa Kisabato hawakuweza kuandika Jumamosi mchana. Utaratibu ulikuwa wafungiwe tangu asubuhi wasionane na mtu wala kusikia swali lolote, jua likizama ndipo waandike. Marehemu, ambaye hakuwa wa dhehebu lao, alikaa nao maktaba kama alivyofanya kila mwaka.

Mchana, wasichana wawili waliotoka kuandika walipita chini ya dirisha wakibishana kwa sauti juu ya swali la tatu. Ndani, watoto wale waliziba masikio wakaanza kuimba wimbo wao wa kanisani. Marehemu hakuujua. Aliimba naye hivyo hivyo, bila maneno, mpaka sauti za nje zikapotea.

Jioni ile aliandika yote yaliyotokea katika taarifa yake. Mkuu wa shule alishika kichwa.

"Mwalimu, nani alikuuliza?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa nimeshaandika."

Matokeo ya watoto wale yalizuiwa. Waliambiwa warudie mwaka uliofuata. Wawili walirudia wakafaulu. Wa tatu, binti aliyekuwa na akili kuliko wote, hakurudi, maana baba yake alikuwa amefariki na nyumbani walimhitaji afanye kazi. Akaenda kuuza vitambaa sokoni, na akimwona marehemu alikuwa anageukia ukutani. Ukuu wa shule nao haukumfikia dada yetu. Siku moja nilimwambia kwamba angenyamaza tu. Akanijibu, "Ningenyamaza, ningelala?" Nikamuuliza, "Na sasa unalala?" Akasema, "Silali pia."

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki, na akawa mtu wa maneno machache. Januari mwaka huu yule binti, sasa mama mtu mzima, aliingia wodini akiwa na mfuko wa machungwa. Alisimama mlangoni. Kisha akasema, "Mwalimu, nilikukasirikia miaka mingi. Nimechoka kukasirika."

Dada akamwambia, "Mimi pia nimechoka, mwanangu. Vuta kiti."

Alivuta kiti, akamenya chungwa. Hawakuizungumzia ile Jumamosi. Aliendelea kuja kila alipofunga meza yake sokoni, na alikuwa amekesha pale alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, dada yetu alipofariki. Ndiye aliyetupigia simu.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili na mtoto wa kiume, mkwe mmoja, wajukuu wanne, wadogo zake watatu, na huyu binti wa vitambaa, ambaye watoto wa marehemu wameomba asomwe pamoja nao.

Dada, leo hakuna anayekuhitaji kazini. Pumzika, na amani ya Mungu iwe nawe.